Treni ya pwani ya Konkan wakati wa mvua: maswali tunayoulizwa kila mwaka

Kila ikikaribia Juni ujumbe huanza kuingia. Wengine ni wanafunzi wetu walioko Pune na Mumbai, wengine wamemsindikiza mgonjwa na sasa wamebakiwa na siku chache kabla ya ndege, na wachache wanatoka Dar, Nairobi au Muscat kwa ajili ya safari yenyewe. Maswali ni yale yale, kwa hiyo majibu tumeyaweka hapa pamoja. Anayetaka neno moja tu kabla ya kuendelea na shughuli zake: nenda, lakini usipange kitu chochote cha lazima siku ile ile unayotarajia kushuka kwenye treni.

Ni reli gani hasa mnayoizungumzia?

Reli ya Konkan, magharibi mwa India. Inaanzia Roha, kusini ya Mumbai, inashuka kupitia majimbo ya Maharashtra, Goa na Karnataka hadi Thokur, jirani na Mangaluru. Urefu wake ni kilomita 740 hivi. Mashariki yake kuna safu ya milima ya Sahyadri, magharibi Bahari ya Arabuni, na ukanda wa katikati umekatwakatwa na mito mifupi inayotoka mlimani na kuingia baharini kwa kasi. Waingereza walitandika reli karibu kila pembe ya India, lakini hapa hawakuthubutu. Kampuni ya kuijenga iliundwa 1990 chini ya mhandisi E. Sreedharan, na njia nzima ikafunguliwa Januari 1998. Ukihesabu makubwa na madogo, ina madaraja karibu 2,000, na mahandaki zaidi ya 90.

Kwa watu wa Mombasa na Unguja, pwani hii si ngeni kama inavyosikika. Wakokni waliopo kwetu asili yao ni vijiji vya huku, na Wagoa waliokuja kuwa makarani, mafundi cherehani na wapishi walitoka mbele kidogo ya njia hii hii.

Mvua zao huanza lini? Zinalingana na masika?

Masika yetu yakiisha, wao ndio wanaanza. Kusi inayovuma kwetu kuanzia Aprili, ikishavuka ikweta, hupinda kuelekea kaskazini-mashariki, inapita juu ya bahari ikizoa unyevu, na inapoukuta ukuta wa Sahyadri inalazimika kupanda. Hewa inapoa huko juu na maji yote yanamwagwa upande wa baharini, yaani palepale reli inapopita. Ni upepo ule ule uliorudisha majahazi Arabuni na India, ila manahodha walijua kuuheshimu: walijitahidi kuwahi kabla haujapamba moto, au walingoja mpaka upoe, maana katikati ya hapo bandari za magharibi mwa India hazikuwa zikiingilika.

Kwa kawaida mvua huingia Kerala tarehe 1 Juni na Mumbai karibu tarehe 11. Mwaka 2025 iliwahi sana, ikafika Mumbai tarehe 26 Mei. Julai ndio mwezi wa mafuriko na wa maporomoko ya maji, vyote kwa pamoja. Agosti inapumua kidogo. Septemba mvua ni za vipindi, mpunga umesimama na milima bado ni kijani kibichi. Anayetaka kuona maji yakishuka kila kona aende Julai na akubali matokeo. Anayekwenda kwa mara ya kwanza, tena na familia, sisi humwambia mwisho wa Agosti au Septemba.

Nitaiona bahari dirishani?

Kidogo sana, na bora uambiwe mapema. Picha za matangazo hupigwa na watu waliojua pa kusimama. Sehemu kubwa ya njia iko ndani kidogo ya nchi kavu, na kati yako na ufuo kuna vilima, minazi, mikorosho na miembe. Mnachokiona ni milango ya mito: maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko pembeni, mtumbwi mmoja umefungwa kwenye mti. Daraja la mto Zuari huko Goa lina zaidi ya kilomita moja, na lile la Sharavati, Honnavar, linapita kilomita mbili. Ni refu kuliko yote katika njia hii. Bahari yenyewe inachungulia zaidi ukishapita Goa, kuanzia Karwar kuelekea Bhatkal na Byndoor. Wengi huishia Madgaon, stesheni kubwa ya Goa, halafu wanalalamika hawakuiona.

Lakini mvua ndiyo inayokufanya usiikumbuke bahari. Wakati wa kiangazi milima hii ni myekundu na mikavu. Ikinyesha wiki mbili, kila ufa wa jabali unatoa maji.

Nikae upande gani?

Ukitoka Mumbai kwenda kusini, kushoto ni mlimani na kulia ni baharini. Msimu wa mvua chagua kushoto angalau hadi Ratnagiri. Baada ya Goa hamia kulia ukiweza. Ukirudi, geuza. Katika mabehewa ya kulala watu hubadilishana viti bila tabu. Muulize jirani kwa upole, na ukiwa na biskuti za kugawa mazungumzo huenda haraka zaidi.

Sehemu ipi nisije nikalala usingizi?

Kutoka Chiplun hadi kupita Ratnagiri. Kama umechoka, lala kabla ya hapo.

Karibu na stesheni ndogo ya Ukshi kuna maporomoko ya Ranpat, yanayoonekana kutoka kwenye treni. Mvua ikiwa nzuri utayasikia kabla hujayaona, na behewa zima linahamia upande mmoja simu mkononi. Dakika chache baadaye mnaingia handaki la Karbude, lenye kilomita 6.5, refu kuliko mengine yote ya njia hii. Taa za behewa zinawaka, mtandao wa simu unakatika, vijana wanapiga miluzi kusikia mwangwi, na hewa inayoingia dirishani inakuwa ya baridi na yenye harufu ya jiwe lililolowa. Zamani vichwa vya dizeli vilijaza moshi humo ndani. Tangu 2022 njia nzima ina umeme, kwa hiyo unaweza kuacha dirisha wazi bila kukohoa. Mkishapita Ratnagiri mnavuka daraja la Panval, lililosimama mita 64 juu ya bonde. Ukiwa ndani ni vigumu kujua kwamba uko kwenye daraja. Unatazama chini unakuta vilele vya minazi, na wakati mwingine wingu linapita kati yako na hiyo minazi.

Kwa nini safari ni ndefu kuliko nilivyoona kwenye ratiba?

Kwa sababu umeangalia ratiba ya kiangazi. Reli hii ina ratiba ya pili, ya mvua. Kwa miaka mingi ilikuwa ikianza 10 Juni hadi 31 Oktoba. Mwaka 2025 wakaifupisha, 15 Juni hadi 20 Oktoba. Katika kipindi hicho saa za kuondoka na kufika hubadilika, baadhi ya treni hupunguzwa siku, na mwendo unashushwa katika sehemu zenye hatari. Mvua ikiwa kubwa kiasi cha dereva kutoona mbele, ana maelekezo ya kwenda kilomita 40 kwa saa tu. Vande Bharat, treni ya haraka ya Mumbai hadi Madgaon, ambayo kwa kawaida haifiki saa nane, huchukua kama saa kumi, na huenda siku tatu tu kwa wiki.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya njia ni reli moja. Kuna kipande cha njia mbili kati ya Roha na Veer, kwingine kote treni zinapishana stesheni. Moja ikichelewa Khed, nyingine tatu zinaisubiri. Ndiyo maana utakuta mmesimama mahali pasipo na abiria hata mmoja: mkuu wa stesheni kavaa koti la mvua, bendera ya kijani kaikunja kwapani, mbwa kalala chini ya benchi, na maji yanabubujika kwenye mtaro kando ya reli kama bomba lililopasuka. Hapo ndipo utajua kama safari hii ni yako au si yako. Wapo wanaoanza kupiga simu kulalamika, na wapo wanaotoa kitabu.

Ni salama lakini? Nimesikia milima huanguka.

Umesikia kweli. Tarehe 22 Juni 2003 treni ilitoka relini karibu na Vaibhavwadi baada ya kukumbana na mawe na udongo uliokuwa umeshuka, watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka mmoja tu baadaye, 16 Juni 2004, Matsyagandha Express ikapata ajali ya namna hiyo darajani karibu na Karanjadi, na karibu watu 20 wakapoteza maisha. Ajali zote mbili zilitokea Juni, mwanzo mwanzo wa mvua.

Sababu iko kwenye udongo wenyewe. Ili reli ipite sawasawa ilibidi vilima vikatwe, na kuta zilizobaki ni udongo mwekundu uliomeza mawe makubwa. Maji yakipenya yanalainisha udongo, jiwe linabaki halina cha kulishika. Baada ya 2004 kuta hizo zilipunguzwa ukali wa mteremko, nyingine zikafunikwa kwa nyavu za chuma au kunyunyiziwa zege, na kwingine ikapandwa nyasi ya vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini sana. Msimu wa mvua mamia ya wafanyakazi hutembea kwa miguu kando ya reli usiku na mchana. Ukiona tochi inamulika gizani saa tisa ya usiku, ni mmoja wao. Kuna vipimo vya mvua kwenye stesheni kadhaa, vipimo vya upepo kwenye daraja la Panval na yale ya Mandovi, Zuari na Sharavati, na vya kina cha maji kwenye mito inayojulikana kwa ukorofi, kama Savitri na Vashishti. Vipimo vikizidi, treni zinasimama.

Kwa hiyo kinachomkuta abiria wa leo mara nyingi ni kukwama. Julai 2021 mto Vashishti uliifurika Chiplun, na maelfu ya abiria wakabaki stesheni mbalimbali wakisubiri. Julai 2024 maji yaliingia kwenye handaki la Pernem, mpakani mwa Goa, na siku chache baadaye udongo ukaporomoka karibu na Khed, njia ikafungwa kwa takribani siku nzima. Ukiuliza sisi tunasemaje: tunapanda, na tunapanda kwa moyo mweupe zaidi treni inapokwenda polepole.

Treni ipi nichague?

Inayokwenda mchana. Hili linaonekana dogo, lakini watu hukata tiketi ya Konkan Kanya kwa kuwa ni maarufu, kumbe inatoka Mumbai usiku na sehemu tamu zote wanazipita wamelala.

Mandovi Express huondoka Mumbai asubuhi na kufika Madgaon jioni au usiku. Si ya haraka, ina madirisha ya kufungua, na ina chakula. Kama unaweza kupanda moja tu, panda hiyo. Jan Shatabdi nayo ni ya mchana, na ndiyo iliyopewa behewa la paa la kioo mwaka 2017, lile wanaloliita Vistadome, viti vinazunguka kutazama upande utakao. Ni zuri, nauli yake ni kubwa, na mvua ikikaza paa linakuwa matone matupu. Vande Bharat inafaa wenye haraka na wazazi wanaohitaji kiti cha kuegemea. Vioo vyake ni vikubwa lakini havifunguki. Anayekwenda mbali zaidi ya Goa atazame Netravati Express au Matsyagandha Express, akijua kwamba sehemu ya safari itakuwa usiku.

Behewa la kiyoyozi au la madirisha wazi?

Kwa safari hii, la madirisha wazi, lile linaloandikwa SL kwenye tiketi. Vioo vya mabehewa ya kiyoyozi vina rangi, kwa nje vina ukungu na matope ya safari zilizopita, na maporomoko utayaona kama kupitia miwani ya mtu mwingine.

Dirisha la SL lina vifuniko viwili: kimoja cha kioo, kingine cha bati chenye matundu membamba. Vyote vinainuliwa juu na kushikwa na vibanio viwili vya pembeni. Kabla hujaweka mkono, vijaribu hivyo vibanio. Vikiwa vimelegea, kifuniko kinashuka chenyewe treni inapotikisika, na vidole vya mtoto ndivyo huwa pale. Mvua ikija kwa ubavu shusha kioo, acha bati juu, utaendelea kuona. Kiti cha dirishani kitalowa kidogo hata ufanyeje. Kunja shuka au gazeti uweke chini.

Kwa mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga, jibu linageuka: chukua kiyoyozi, na beba sweta.

Tiketi nazipataje? Nimejaribu mtandaoni nikakwama.

Tovuti rasmi ni ya IRCTC, shirika la tiketi za reli za India. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa 120, ikabadilishwa Novemba 2024. Treni kadhaa zina nafasi chache za watalii wa nje, zinazoweza kukatwa hadi siku 365 kabla. Hizo zinahitaji pasipoti. Kufungua akaunti kwa namba ya simu ya nje kunahitaji subira, kwa hiyo usianze siku unayotaka kusafiri. Ukiwa Mumbai tayari, nenda dirishani stesheni kuu ya Mumbai, CSMT, na pasipoti yako, uliza dirisha la watalii wa kigeni.

Tiketi za dharura, zinazoitwa Tatkal, hufunguliwa siku moja kabla. Tangu Julai 2025, kuzikata mtandaoni kunataka kitambulisho cha Aadhaar cha Wahindi, kwa hiyo mgeni asizitegemee.

Jifunze vifupisho vitatu tu vya kwenye tiketi. CNF maana yake umepata. RAC maana yake utapanda, ila mtagawana kitanda kimoja wawili, mkikaa. WL maana yake bado uko foleni, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya mwisho itolewe inafutwa yenyewe, unarudishiwa hela. Kuna wanaowaambia wageni "panda tu, utaelewana na mkaguzi". Usipande.

Nasikia Agosti na Septemba treni hujaa. Kwa nini?

Sikukuu ya Ganesh. Watu wote wa Konkan wanaofanya kazi Mumbai wanarudi vijijini kwao kwa wiki hiyo, sawa na Wachaga na Desemba. Treni za ziada huongezwa kwa wingi na bado zinajaa. Tarehe yake inahama kila mwaka kati ya Agosti na Septemba, itazame kabla ya kupanga. Siku tatu nne kabla ya sikukuu usijaribu kwenda kusini, na siku chache baada yake usijaribu kurudi.

Mama amemaliza matibabu Mumbai, daktari ameruhusu apumzike. Nimpeleke Goa kwa treni?

Dada mmoja alituuliza hivi, na wengine wengi baada yake. Kwanza mwulize daktari hasa kuhusu kukaa saa kumi au zaidi na kuhusu kuwa mbali na hospitali ikiwa njia itafungwa. Akikubali, chukua kiyoyozi, kitanda cha chini, karibu na mlango lakini si kile cha mwisho kabisa kilicho ubavuni mwa choo. Dawa za siku tatu zaidi ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Stesheni kubwa unaweza kuomba kiti cha magurudumu na mpagazi. Wapagazi wanavaa mashati mekundu, na bei mwelewane kabla hajainua begi. Kama ndiyo kwanza ametoka kwenye upasuaji, aende Septemba, au apande ndege ya saa moja.

Treni ikikwama njiani nifanye nini?

Baki ndani. Hata maji yakionekana chini ya madirisha, baki ndani mpaka waokoaji waje. Julai 2019 Mahalaxmi Express ilizingirwa na mto Ulhas uliofurika, nje kidogo ya Mumbai (si njia ya Konkan, lakini ni mvua hizo hizo). Abiria zaidi ya elfu moja waliambiwa wasishuke, na wote wakatolewa kwa boti.

Namba ya kupiga ni 139, kwa habari na kwa dharura pia. Programu ya reli ya NTES inaonyesha treni iko wapi. Ikiwa treni yako imechelewa zaidi ya saa tatu pale unapopandia na umeamua kutosafiri, unaweza kudai nauli yote, mradi madai yaingie kabla haijaondoka. Ikifutwa kabisa, tiketi ya mtandaoni inarudishwa bila kudai.

Chakula?

Hapa hatuna haraka.

Mandovi Express ina jiko lake, na wachuuzi wake hawaachi dakika kumi zipite. Wanaanza na kimanda na mkate asubuhi, wanafuata na vada za viazi, katlesi, supu ya nyanya kwenye vikombe vya karatasi, biriani ya mboga, ya mayai na ya kuku, na mchana ukiinama wanakuja na bajia za vitunguu, zile nyembamba zinazokatika mdomoni. Chai ni ndogo, tamu na ya moto. Mvua inapiga dirisha, mkononi una bajia zimefungwa kwenye karatasi iliyoanza kuonyesha mafuta: kwa kweli wapo wanaopanda kwa hilo tu. Stesheni kubwa kama Ratnagiri utapata vada pav, kiazi kilichopondwa na viungo, kikachovywa unga wa dengu na kukaangwa, ndani ya mkate na chatini ya kitunguu saumu. Omba pilipili ya kukaanga pembeni. Onja pia sharubati ya kokum, tunda chachu la pwani hii. Inatuliza tumbo baada ya mafuta yote hayo.

Kwa wanaofuata halali: biriani ya mboga haina shaka, na vyakula vya pakiti vina alama, doti ya kijani kwa visivyo na nyama, na alama ya kahawia au nyekundu kwa vyenye nyama au mayai. Maji nunua chupa iliyofungwa. Msimu huu matunda yaliyokatwa na saladi ya barabarani yapite tu.

Samaki usitegemee sana. Pwani ya majimbo haya matatu, vyombo vya mashine hukatazwa kuvua kuanzia 1 Juni hadi 31 Julai ili samaki wazaliane. Hotelini utaletewa waliogandishwa au wa mtoni.

Yale maporomoko makubwa yenye treni inapita katikati, ni njia hii?

Hapana. Hayo ni Dudhsagar, mita 310 hivi, na yako kwenye njia nyingine inayopanda kutoka Goa kwenda Karnataka kupitia Kulem na Castle Rock. Ukitaka kuyaona kutoka kwenye treni, panda inayotoka Madgaon au Vasco kuelekea Hubballi mchana. Kushuka hapo na kutembea relini ni marufuku. Julai 2023 askari wa reli waliwakamata vijana waliokuwa wakitembea humo, wakawasimamisha mstari na kuwachuchumalisha huku wameshika masikio, na video ikazunguka India nzima.

Kusimama mlangoni kupiga picha, vipi?

Wote wanafanya, na kila mwaka kuna wanaoanguka. Ngazi za chuma zikilowa zinateleza, na nguzo za umeme sasa ziko karibu na mlango njia nzima. Dirisha linatosha.

Goa kuna nini wakati wa mvua?

Kuna Goa yenyewe, bila umati. Vibanda vya ufukweni vimebomolewa hadi Oktoba, bendera nyekundu zimesimikwa, na bahari hairuhusu kuoga. Usibishane nayo kwa kuwa unajua kuogelea Bamburi. Hoteli zinashusha bei. Mashamba ya viungo na makanisa ya Goa Kongwe ni ya kutembelea kwa mwavuli. Tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, vijana wanavaa mataji ya maua na kuruka visimani.

Unakokwenda kaskazini ya Goa, shukia Thivim. Kwa Panaji na Goa Kongwe ni Karmali. Kwa kusini ni Madgaon.

Nibebe nini?

Koti la mvua lenye kofia kuliko mwavuli, kwa maana upepo wa huku hauachi mwavuli hai. Mifuko ya plastiki ya kufungia nguo ndani ya begi, malapa, tochi, chaja ya akiba ya simu, dawa ya mbu. Mnyororo mwembamba na kofuli vya kufunga begi chini ya kiti. Wachuuzi wanaviuza stesheni. Ukilazimika kukanyaga maji ya mafuriko Mumbai huku una kidonda mguuni, osha kwa sabuni na umwone daktari, kwa sababu homa ya leptospira huja na maji hayo.

Viza na chanjo?

Wakenya na Watanzania wanaomba viza ya utalii mtandaoni. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano kiwe na pasipoti, si ndani ya begi kubwa. India haina mzaha na hilo. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini.

Ratiba zao zinanichanganya.

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na stesheni hutumia saa 24. Treni ya 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, ya 23:05 ni saa tano na dakika tano usiku. Angalia tarehe ya treni zinazoondoka baada ya 00:00. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:40 maana yake unakwenda stesheni usiku wa tarehe 11.

Kwetu hakuna reli ya namna hii?

Reli zetu zinaijia bahari kutoka bara na kuishia hapo: Mombasa, Tanga, Dar. Hakuna inayoifuata pwani. Unguja iliwahi kuwa na kireli cha kutoka mjini hadi Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, kikafa zamani.

Nina ndege ya kurudi Dar kutoka Mumbai. Nitoke Goa lini?

Siku mbili kabla, kwa treni ya mchana. Ukitoka siku moja kabla unacheza kamari, ukitoka siku ile ile usitupigie simu. Mumbai kwenyewe barabara za Sion, Kurla na Dadar hujaa maji mvua ikinyesha saa chache mfululizo, kwa hiyo hata kutoka stesheni hadi uwanja wa ndege si safari ya kuhesabu kwa dakika. Kama treni yako inasimama Thane, kabla ya kufika Mumbai mjini, mara nyingi ni afadhali kushukia hapo. Na ukiona habari kwamba njia imefungwa Khed au Pernem, usingoje stesheni ya Madgaon: nenda kakate ndege mapema, kwa sababu nusu ya waliokuwa wasafiri nawe watakuwa wanaelekea huko huko.